Milango Minane

Kazini, kwenye dobi la hospitali, Winnipeg,
Bi Darlene alitugawia herufi nne nne
kama namba za makabati.
Mimi nilikua nikijua akili ni nywele,
kila mtu ana zake.
Kumbe huku ni nyumba: milango minane,
minne hufungukia ndani, minne nje,
na kila mtu ana mmoja aupendao
na mmoja ulioshika kutu.

Shekue aliisoma karatasi yangu wima, koti bado mwilini.
"Hisia, kwa ndani. Aa!
Ndiyo maana ukinuna sijui nimekosa nini."
Nikamwambia: na wewe fikra, kwa nje;
chumvi ikizidi huombi maji, unaitisha kikao.

Tukacheka. Kisha hatukucheka.

Usiku theluji ikaanguka hadi kiunoni.
Alfajiri mlango wa mbele, wa kusukumia nje, ukagoma.
Yeye akaanza kupanga kwa sauti:
beleshi liko wapi, simu kwa nani, dakika ngapi.
Mimi nikanyamaza, kiganja kiooni,
nikingoja moyo useme.
Haukusema kitu.

Basi nikapanda sinki, nikatokea dirisha la jikoni
na gauni la kulalia na mabuti yake,
mimi, mtu wa ndani,
nikaikwangua theluji kwa sufuria ya pilau
huku jirani akitazama.

Mlango ulipofunguka, Shekue alikuwa analia.
Hakueleza kwa nini. Mtu wa fikra, kwa nje.
Nikamkabidhi sufuria.