Nahodha Asishike Ufito

Kanuni ya saba, ukurasa wa pili:
nahodha aendeshe boti, asishike ufito,
asinyooshe kidole, asiseme "pale."
Kwa hiyo nimekalia mikono yangu
tangu saa kumi na mbili alfajiri,
mimi fundi wa mabasi ya shule, Alabama kaskazini,
katika boti ambayo shemeji hajamaliza kuilipia,
nikiwatazama watoto wawili wakikosea.

Truett ana miaka kumi na miwili
na masanduku manne ya chambo:
visamaki vya mbao, vya bati, vyenye macho mekundu,
chura wa mpira mwenye miguu ya nyuzi,
nyungunyungu wa plastiki wanaonuka kitunguu saumu
hata mkate wangu ukanuka.
Yesenia ana pakiti moja, mfukoni.

Bwawa lililomfunza
liko nyuma ya zizi la Bwana Pruitt,
maji rangi ya chai iliyolala,
upana wake mtupo mmoja wa jiwe.
Baba yake, akitoka zamu ya usiku kiwanda cha kuku,
humkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kisha yeye husinzia, kofia usoni.
Huko, chambo kilipokwisha,
alichonga nyungunyungu kutoka kandambili iliyokatika,
akamtunga kwenye ndoana, akamfunga msumari ili azame.
"Usimvute," aliniambia siku ya mazoezi,
kana kwamba mwenye miaka kumi na mmoja ni mimi.
"Mwache kama amekata tamaa.
Besi hapendi kukimbizana na mtu."

Besi: samaki wa kijani, mstari mweusi ubavuni,
mdomo kama mfuko wa koti la marehemu,
unaingia ngumi na bado una nafasi.
Boti sitini zinamtafuta leo.
Saa nne, hatuna kitu.
Saa tano, Truett amevua tawi,
kopo la soda, na kofia yangu.
Mimi naona kivuli chini ya gati la nyumba ya buluu,
nakiona kama ninavyoona nati iliyolegea,
na ulimi wangu nimeuuma.

Saa sita na robo Yesenia anatupa, mwenyewe, kwenye kivuli kile.
Anahesabu kimoyomoyo. Midomo inacheza.
Mshipi unasogea kando,
taratibu, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.

Boti nzima ikapiga kelele, nami nikiwemo;
kanuni haikataza kelele.

Kisha rula. Inchi kumi na tano, ndiyo sheria.
Truett akambana mkia kwa vidole viwili,
akauvuta kidogo, akanitazama.
Nikatazama korongo.
Korongo akanitazama mimi.
"Kumi na tano," Truett akasema, sauti imepanda.
"Mdomo uko wazi," akasema Yesenia.
Akaufunga kwa kidole gumba, polepole,
kama anayefunga droo ya mtu mwingine.
Kumi na nne, na unywele.

Akapiga magoti ukingoni.
Maji yakampokea besi bila kuuliza alikuwa wapi.

Truett hakusema neno hadi saa nane.
Alikula biskuti zote, zangu pia.
Kwenye mizani walitaja majina yetu kwenye kipaza sauti:
samaki sifuri, ratili sifuri,
na baba yake Yesenia, amevaa bado buti nyeupe za kiwandani,
akapiga makofi peke yake, kwa muda mrefu,
hakuelewa, au alielewa vizuri sana.

Ndani ya gari, giza linaingia, matrela yakigonga nyuma yetu,
nikasikia kiti cha nyuma:
"Hiyo kandambili."
"Enhe."
"Ilikuwa ya kushoto au ya kulia?"
Kimya. Anafikiri kweli.
"Ya kushoto. Ya kulia bado ipo."

Jumamosi hii bwawani kwa Pruitt kuna ndoo tatu.
Hakuna ukurasa wa pili.
Nimeshika ufito kwa mikono yote miwili,
na mtupo wangu wa kwanza
umenasa kwenye ua wa ng'ombe.