Pindo

Eda ilipokwisha, miezi minne na siku kumi
nikiujua mji kwa sauti za dirishani tu
(muuza visheti, honi, mtoto wa jirani anayesoma kwa kuvuta),
nilichukua chaki yangu ya kukatia nguo
nikatia alama kwenye ukuta wa Maruhubi:
hapa.

Mie fundi cherehani. Kanga ina mji na ina pindo;
watu hupenda mji, maua yake, korosho zake.
Miaka thelathini na moja macho yangu yako ukingoni,
pale uzi unapotaka kukimbia.
Nikasema basi na huu wa watu na nyumba nitaupinda,
kipande kwa kipande, kila Jumapili,
niache nilipochoka, nianzie nilipoacha.

Welezo nilifika nachechemea.
Raba za mpwa wangu Khatibu zimenitoa lengelenge
kubwa kama kifungo cha koti.

Amani, mvua. Muuza matairi akanipa tairi nikalie,
akaniuliza naelekea wapi.
Mwanakwerekwe.
Si gari zinakwenda?
Zinakwenda.
Akaona bora tuzungumze mvua.

Mwanakwerekwe nikapita kando ya makaburi, kwa nje.
Pandu yumo, safu ya tatu, nilivyoelezwa.
Wewe mwanamme! Kila nikitaka kwenda kwa dada yangu
ukinambia Fuoni mbali, Fuoni mbali, ngoja mwezi uandame.
Nimekwenda kwa miguu.
Adhuhuri haijaadhiniwa nshavua viatu ukumbini kwake,
nakunywa maji ya mtungi, nalia,
na dada anadhani ni lengelenge.
Fuoni si mbali, Pandu.

Tomondo ukingo nikaukosa.
Palipokuwa mihogo pana msingi, penye msingi pana mtu
anapanga matofali na redio begani.
Nikageuka, nikarudi, nikageuka tena.
Nguo bado inafumwa, utaipinda wapi?
Kijana akanipigia kelele: Bibi, umepotea?
Sijapotea, mwanangu. Natafuta inapoishia.
Akacheka: Ukiiona, nami nanunua kiwanja.

Kiembesamaki ndege ilinipita utosini nikainama, mtu mzima.
Mbweni sikumbuki kitu ila kiu.
Kilimani watoto wamechimba goli mchangani,
mpira ukanijia, nikaupiga na buibui langu,
ukaenda pembeni kabisa; wakashangilia hivyo hivyo.
Shangani mgeni alinipiga picha bila salamu.
Nami nikasimama nikamtazama bila salamu
mpaka akaondoka yeye.

Sasa nimefika Saateni. Kimebaki kipande kidogo,
nusu saa kwa mwendo wangu,
na Jumapili mbili nimekaa nyumbani
nikijisingizia oda za sare za skuli.
Khatibu kanambia ule ukuta umepakwa chokaa,
alama yangu haipo.

Haidhuru. Fundi hafiki alipoanzia akakata uzi;
hurudia vidole viwili juu ya mshono wa kwanza,
la sivyo utafumuka.
Ila vidole viwili, kwa nguo kubwa kama hii,
ni mpaka wapi?
Welezo? Au Amani, kwenye lile tairi?