Robo, Nusu, Robo

Hii si buluu, nilimwambia Bi Winifred siku ya kwanza.
Hii ni jivu. Jivu la mkaa wa jana.
Akasema kwenye daftari imeandikwa buluu,
na daftari ni la mama yake, tangu mwaka arobaini na saba.
Tukaelewana hivyo: yeye buluu, mimi jivu,
na kuku mwenyewe, Opingtoni mnene kama mto wa kochi,
akaendelea kuchakura theluji.

Nje ya Hexham, kilima cha tatu, banda la mbao na bati jekundu.
Nilitumwa na wakala kumwogesha, nusu saa kila asubuhi.
Nikajikuta naokota mayai.

Kwa bibi yangu Pangani tulikuwa na kidimu,
manyoya yamepinda kama aliyegombana na upepo,
na kishingo, na kuchi mmoja mrefu mwenye kiburi cha hakimu.
Nani kazaa na nani, hakuna aliyeuliza.
Jogoo alikuwa wa mtaa mzima.
Huku jogoo ana nasaba, ana pete mguuni, namba na mwaka.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,
nikacheka peke yangu,
kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni.

Hesabu alinifundisha mezani, kwa vifungo vya makoti:
buluu kwa buluu hakupi buluu.
Hukupa nusu.
Robo weusi, robo weupe waliodondokewa wino,
hata uchague wazazi kama unachagua wakwe.
Miaka sabini na ushei nyumba hii inafuga
rangi isiyokubali kukaa.

"Na wale wengine?"
Akakata hewa kwa vidole viwili.
"Supu. Mama alikuwa na mkono mwepesi."

Machi ile amri ya mafua ya ndege ilikuwa bado ukutani mwa posta:
kuku wote ndani, nyavu juu, ndoo ya dawa mlangoni.
Tuliweka mayai ishirini na manne kwenye mashine,
kila yai na alama ya penseli, nikiyageuza asubuhi na jioni.
Siku ya kumi nikayamulika kwa tochi:
mishipa, na kitu kidogo kinachodunda.
Manne hayakuwa na kitu.
Matatu mengine yalinyamaza karibu na mwisho, sijui kwa nini.

Wakatoka kumi na saba.
Tisa jivu, watano weusi, watatu wa madoa.
Hesabu ya vifungo kuku hawajaisoma.

Mkono wangu si mwepesi.
Nikawatia wanane kwenye boksi la ndizi,
nikamwambia Bi Winifred nimeshughulikia,
nao wakakulia nyuma ya nyumba yangu ya kupanga,
wakila wali uliobaki na viatu vya mwanangu Salha.

Mwaka wa pili nikamwachia jogoo mweusi matetea wa madoa.
Sikuwa na nia ya elimu. Ndio niliokuwa nao.
Vifaranga kumi na mmoja,
na wote kumi na mmoja jivu,
wamerundikana chini ya taa nyekundu
kama jivu la jiko moja.

Nilimpelekea mmoja hospitalini, ndani ya kofia ya sufi.
Nikaungama yote: boksi, uongo, jogoo.
Hakushangaa.
"Kila mfugaji anajua hilo," akasema.
"Ila nani atalisha mwaka mzima
wazazi asioweza kuwapeleka kwenye maonyesho?"

Kifaranga kikamnyea kiganjani. Hakukifuta.
Nikamwambia kwetu husemwa moto huzaa jivu,
na husemwa kwa kumsikitikia mzazi.
Akafikiri, kidole kikipapasa ule mgongo wa majivu.
"Aliyesema hivyo," akasema,
"hajawahi kufuga."
Kisha akaniuliza kama nimefunga mlango wa banda,
maana mbweha wa kule hana likizo.