Sambaza za Jumanne

Aganze, mdogo wangu, hukuniuliza kwa mdomo.
Uliniuliza kwa jinsi ulivyoishika ile sufuria,
kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ambeke.
Basi sikiliza.

Ukitoka kazini pitia Nyawera kabla mvua haijashuka.
Usinunue vingi. Anayeanza hununua vingi
kisha hukaa akivitazama vikioza.
Vitunguu viwili. Nyanya tatu, zile zilizobonyea,
zinauzwa nusu bei na sufuria haina macho.
Sambaza bakuli moja. Dai matabishi:
Mama Cibalonza atakuongezea tano
na kulalamika kana kwamba ni hamsini.

Umeme usiutegemee.
Umeme wa mtaa wetu ni mgeni wa kupiga hodi
na kuondoka kabla hujafungua mlango.
Washa mbabula nje, upepo wa ziwa ukusaidie kupuliza,
na usiyamwagie makala petroli, kaka.
Nyusi zangu zilichukua miezi miwili kurudi.

Mafuta, kidogo. Halafu subiri.
Hapa ndipo wengi hushindwa,
si kwenye kisu, si kwenye chumvi, kwenye kusubiri.
Tupia kipande kimoja cha kitunguu:
kikinyamaza, nyamaza nawe.
Kikianza kusema, mwaga vilivyobaki.

Kisha sambaza, ulizozikausha kwa kitambaa.
Usizikorogekoroge, samaki mdogo hapendi kusukumwa.
Acha upande mmoja ushike rangi ya udongo wa Panzi,
geuza mara moja, tia nyanya, funika.
Chumvi iwe ya mwisho.

Bugali sasa. Najua unauogopa.
Wangu wa kwanza ulikuwa na vidonge vingi
kuliko duka la dawa ninakouza.
Nsimire alikuwa Uvira na vitenge vyake, wiki nzima,
watoto wameketi, mikono imenawiwa, inakauka,
na yule mdogo akauliza kwa heshima kabisa:
Baba, hiki kinatafunwa au kinamezwa?

Nilikaribia kuwatuma wakanunue mkate.
Nikamega. Nikachovya. Nikameza.
Wakanitazama koo.
Baada ya muda mkubwa naye akamega,
akatoa kidonge kimoja, akakiweka pembeni ya sahani
kama mtu anayetoa jiwe kwenye maharage,
akaendelea.
Hakuna aliyesifu. Sahani zilirudi tupu,
na mimi, mwanaume wa miaka thelathini na minane,
nilisimama gizani nikizihesabu: moja, mbili, tatu.

Kwa hiyo: maji yachemke kweli, si kutoa jasho.
Unga wa kwanza, mchache, uwe uji.
Uache uruke ruke, ukuunguze mkono kidogo, ndiyo salamu yake.
Unga wa pili, mwiko, na bega lote.
Sufuria ikikukimbia ibane kwa miguu.
Chumba chako kina dirisha moja, nani atakuona?

Alhamisi utakuwa umechoka, usijifanye shujaa.
Mayai mawili juu ya lengalenga zilizolala,
pilipili moja nzima, isiyopasuka,
na ule wima, mlangoni, ukitazama watu wakipanda mlima
na mifuko yao ya unga.
Hicho pia ni chakula cha jioni. Usikubali mtu akuambie sicho.

Ijumaa njoo kwangu. Nsimire anapika.

Neno la mwisho. Sufuria hiyo ni yake,
nilikupa bila kumwambia.
Irudishe kabla hajaanza kuitafuta,
ioshe kwa majivu, lakini usiisugue chini kabisa.
Pale kuna doa jeusi, upana wa kiganja.
Nsimire amejaribu kulitoa mara tatu.
Ni langu. Liache.