Viatu vya Katungu

Nimesimama Kituku, jua halijapanda vizuri,
nimeshika viatu vya binti yangu.
Yeye yumo ziwani hadi kiunoni.
Mchungaji Ndoole amemshika bega, anaomba kwa sauti
ya kushindana na injini za boti za Idjwi.

Wiki tatu hatukusemezana.
Mimi katekista, miaka kumi na tisa nafundisha watoto wa watu
kwamba maji hayo hayarudiwi.
Nilipiga meza, sombe ikamwagika:
Ulishabatizwa, Katungu, una siku arobaini,
ukamng'ata padri kidole kwa ufizi!
Akanijibu polepole, kama anayefunga mtoto mgongoni:
Baba, siku ile ulinijibia wewe.
Nataka nijibu mwenyewe.

Nilikuwa na la kusema. Ninalo bado,
liko kwenye daftari langu, ukurasa wenye kona iliyokunjwa.
Lakini usiku ule usingizi ulinikataa, nikalikumbuka kanisa lenyewe,
moto wa mlima ulivyolifunika na kitabu chake cha majina.
Beseni alilobatiziwa limelala chini ya jiwe,
na juu ya jiwe kuna mtu anauza vocha za simu.
Jiwe hilo tulilichonga sisi, tukainua parokia mpya.
Jiwe hilo walilichonga wao, wakainua ukumbi wao.
Mafundi walikuwa walewale. Nawajua.
Mmoja wao hasali popote.

Mama yake alisema neno moja tu, akichagua maharage:
Sasa viatu atamshikia nani?

Anazama.
Maji yanajifunga juu yake,
na mimi, mwenye hoja, nimebana pumzi
pamoja na wanawake wenye vitambaa vyeupe, nisiowajua hata mmoja.
Kijana wa tshukudu ameegesha viazi vyake, ametulia.

Anaibuka. Anakohoa, anacheka,
ananitafuta kwa macho yaliyojaa ziwa.

Sijahama. Jumamosi nitafundisha yaleyale,
ila mtoto akinyosha mkono
nitamwacha amalize swali lake.

Nainama kumvisha.
Miguu yake ni baridi, imeganda changarawe nyeusi.
Sketi yake inachuruzika,
inanidondokea utosini, tone, tone,
nami siyafuti.