Kiungo

Mimi ni Odile, mfua jezi.
Nilikujua kwa madoa, Firmin, kabla sijakujua kwa sura.
Washambuliaji walirudisha jezi zenye manukato shingoni;
yako ilirudi na nusu ya uwanja.
Tope la hapa kwetu Bruay, jeusi,
lina unga wa makaa uliosahauliwa ardhini
tangu migodi ifungwe na babu zetu wapewe saa za ukutani.
Tope la Niort, la manjano, hutoka kwa maji baridi.
Nyasi za Caen: kijani kisichosikia sabuni.
Damu mara nne.
Moja tu ilikuwa yako.

Magazeti yalikuandika kwa ufupi:
Delescluse, kadi ya njano, dakika ya sabini na moja.
Nani angeandika kwamba ulikuwa umeshasimama
mahali ambapo mpira ulikuwa bado unafikiria kupita?
Pasi zako za hatua tano, za kando,
ziliwapigisha watu miayo.
Mwokaji Lhomel alisimama jukwaani na soseji mkononi:
“Mbele, we mzee! Mbele!”
Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Kiungo.
Kikiwemo mchuzini, husifiwa nyama.
Kikikosekana, hutukanwa mpishi.

Mechi mia tatu themanini na tisa, mabao sita,
na la sita lilikugonga nyongani ukiwa umelipa goli mgongo.
Ulicheka hadi mwamuzi akakuuliza kama u mzima.

Kisha ile barua ya Paris.
Mji mzima ulinunua redio upya.
Ulikaa benchi dakika tisini, mvua ikinyesha,
ukapasha misuli mara mbili nyuma ya bendera ya kona,
ukaambiwa kaa.
Jumatatu ukaja chumba cha kufulia na mfuko wa plastiki.
Jezi ya buluu, imekunjwa,
ina harufu ya kiwandani, haina hata unyasi.
Ukasema, “Ifue tu, Odile.”
Nikaifua.
Nikaisugua kwapani, nikaisugua viwikoni,
nikaisuuza maji matatu
kama jezi iliyotoka vitani,
wewe umesimama mlangoni unaangalia povu.
Hatujawahi kulizungumza.

Kiungo ni goti pia.
Nani hulikumbuka goti lisilouma?
Lako lilikumbukwa mwezi Machi, usiku, uwanja una barafu.
Mimi nilikuwa chini, mashine zinanguruma, sikusikia kitu;
nililetewa bukta iliyokatwa kwa mkasi wa daktari.
Wakapasua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Rais wa klabu akakupa sahani ya fedha
na jina lako limekosewa herufi moja.
Wiki iliyofuata namba sita ilivaliwa na kijana kutoka Roubaix,
mwepesi, mzuri,
jezi yake inarudi safi.
Tukafungwa manne.
Lhomel akamtukana kipa.

Jana bomba la jikoni kwangu limepasuka
na ofisi ya mafundi imekutuma wewe.
Una kitambi. Mimi sina meno ya nyuma. Tumesalimiana.
Umepiga goti moja, lile zima,
lile jingine umelinyoosha pembeni kama fimbo ya mtu mwingine.
Umenyoosha mkono nyuma bila kutazama
na spana ilikuwa pale pale.
Umeunga bomba na bomba, umekaza,
umelaza sikio kwenye chuma, ukasikiliza.
“Litashika,” umesema. Hujasema zaidi.

Nimeona ovaroli lako: kutu, matope, mafuta,
na doa moja kifuani nisilolijua.
Nikasema, “Livue, nilifue.”
Umesema una nyumba tatu bado kabla ya giza,
ukabeba sanduku lako, ukashuka ngazi
moja, moja,
umeshika ukuta.

Sakafuni umeacha alama ya goti,
duara moja la maji meusi.
Ndoo ninayo. Deki ninayo.
Nimekaa kwenye kiti, naitazama.