Tarehe Moja Januari

Kila nikitoa betri, kamera inasahau.
Nikizirudisha inaamka na kuniuliza mwaka,
nami sijibu. Basi inajijibu yenyewe:
tarehe moja, mwezi wa kwanza, elfu mbili na tatu,
saa sita kamili usiku,
ingawa jua la Kirumba limeshanichoma shingo.

Niliikuta Makoroboi, kwenye meza ya Ng'waja,
kati ya rimoti zisizo na runinga
na chaja zisizo na simu.
"Hiyo ya kuchezea watoto," alisema,
akanipunguzia bei kabla sijaomba.
Flashi imekufa. Kioo kina ufa
unaopinda kama Mto Mirongo kwenye ramani.
Kadi inabeba picha thelathini na moja,
ya thelathini na mbili inaitema.

Mimi ni karani wa mzani pale Mwaloni.
Mchana kutwa naandika kilo:
gunia la dagaa, tenga la furu,
kilo na nusu, kilo na robo,
sizidishi, sipunguzi.
Jioni natoka na chombo kisichojua kupima.

Ukibonyeza, haipigi.
Inafikiri kwanza. Inameza mate.
Unahesabu moja, unahesabu mbili,
ndipo inasema *kli*,
na aliyekuwa mbele yako ameshavuka barabara.
Kwa hiyo mtaa wa Rwagasore, kwangu mimi,
ni visigino na pindo za kanga,
ni gurudumu la nyuma la mkokoteni wa miwa,
ni moshi wa mshikaki; mshikaki wenyewe umeliwa.

Nikajifunza kubonyeza mapema.
Sasa sitazami mtu alipo.
Natazama dimbwi ambalo mguu utalikwepa,
kivuli cha nguzo kinachosubiri uso,
yule korongo mwenye upara juu ya paa la machinjio
anavyokunja shingo kabla ya kushuka.
Mara nyingi nakosea. Dimbwi linabaki dimbwi,
korongo anabadili nia.

Nyanzobe anapepeta dagaa hatua kumi kutoka mzanini.
"Karani," akaniita, "nipige na mimi.
Lakini unipige nikicheka."

Kicheko hakijui kupanga foleni.
Mara ya kwanza nilipata mdomo uliokwisha kufungwa.
Mara ya pili, mgongo: ameinama kufukuza bata.
Mara ya tatu kadi ikajaa.
Nikakaa juu ya gunia kuchagua wa kutoka.
Nikamfuta fundi baiskeli wa Mabatini.
Nikaifuta mvua ya Igogo, ile iliyokuja na upinde,
nikaumia, nikaifuta.

Halafu nikabonyeza kwanza,
na kamera ikiwa bado inameza mate, nikasema:
"Gunia lako la jana niliongeza robo."

Akacheka hadi ungo ukamponyoka,
maana Mwaloni nzima wanajua
mkono wangu haujawahi kuteleza.
*Kli.*

Tukainamisha vichwa chini ya kanga yake kukwepa mwanga.
Nukta kubwa kama punje za ulezi.
Ziwa nyuma yake limeungua, jeupe tupu,
hakuna maji, hakuna mtumbwi,
hakuna mstari wa kusema mbingu inaanzia hapa.
Dagaa wametapakaa hewani kama mchanga wa fedha,
na meno yake yote, na pengo la upande wa kushoto
ambalo huwa analifunika kwa kiganja.

Akasoma maandishi ya njano pembeni, taratibu,
namba baada ya namba.
"Siku hii nilikuwa Ukara," akasema.
"Nilikuwa na miaka sita. Mama ndiye alinisuka."

Nikataka kumweleza habari za betri.
Alikuwa ameishika kamera kwa mikono miwili,
magamba ya dagaa yakishika kwenye kioo,
yanang'aa ndani ya ufa.
Sikumweleza.

Kesho yake, kabla sijafungua daftari,
alikuwa amesimama mzanini na gunia jipya,
kiganja mbele, pengo nje:
ananidai robo yake.